Punda Naye Apumzike

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi alasiri hapa Malindi, katika mkutano wa makanisa yetu uliowaita akina mama, vijana wa hotelini na madereva wa tuktuk. Wengi walioitwa hawakufika kwa sababu walikuwa kazini, na mada yenyewe ilikuwa ni hiyo kazi. Nimeyaandika yote kwa ajili yao, kama nilivyoyatamka.

Bwana asifiwe! Na ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo!

Wachungaji wetu, baba padre, makatekista, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Nawaona na majirani zetu Waislamu pale mlangoni. Karibuni ndani, viti vipo. Wanaonijua wananijua kwa karai. Miaka 22 nimekuwa mama karanga, nakaanga samaki pale ufuoni. Chuo cha theolojia sikukisoma. Nitakayoyasema leo nimeyapata katika Biblia na katika moshi.

Nianze na msemo wetu. Nikisema "Punda afe", ninyi mnajibu nini?

Mzigo ufike! Mmejibu wote, hata watoto wamejibu. Msemo huu tumeunyonya na maziwa. Sasa nifungulieni Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, mstari wa kumi na nne. Siku ya saba usifanye kazi yoyote, wewe, wala mwana wako, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako, wala ng'ombe wako, wala punda wako.

Mmemsikia? Punda ametajwa. Katika Amri Kumi, mlimo "usiue" na "usiibe", Mungu amemtaja punda. Sisi tunasema punda afe. Yeye anasema punda apumzike. Maneno haya mawili hayawezi kulala nyumba moja. Na mimi nawauliza, jamani, nyumbani kwako limelala lipi?

Najua swali lililo vifuani mwenu, maana kila nikitaja Sabato huulizwa hilo kwanza. Siku gani, mama? Jumamosi au Jumapili?

Sisi Waswahili tunahesabu siku kutoka Ijumaa. Ya kwanza yake ni Jumamosi, ya pili yake ni Jumapili. Wayahudi wanahesabu vingine. Kwao ya kwanza ni Jumapili, na Jumamosi ndiyo ya saba. Waarabu nao huhesabu hivyo, na ndiyo maana Alhamisi, kwa Kiarabu, ni siku ya tano, ilhali iliyoitangulia tumeiita Jumatano, nayo ni ya tano. Tuna tano mbili katika juma moja. Hatukukosea. Tulipokea hesabu mbili tukaishi nazo zote, kama tunavyoishi na mengi hapa pwani.

Ndugu zetu Waadventista, walioanza kazi nchini mwetu mwaka 1906 pale Gendia karibu na Ziwa Victoria, wanashika Jumamosi, siku ileile ya amri. Sisi wengine tunakutana Jumapili kwa sababu Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, na Matendo ya Mitume, sura ya ishirini, inatuonyesha wanafunzi wamekutana siku hiyo kuumega mkate. Wapo wanaosema Jumapili ilibuniwa na Kaisari Konstantino. Hapana. Yeye mwaka 321 aliifanya siku ya mapumziko kwa sheria ya dola. Akafunga mahakama na karakana za mijini, wakulima akawaacha walime. Lakini Wakristo walikuwa wamekutana siku hiyo muda mrefu kabla yake, tena alfajiri, kwa sababu kukipambazuka walikwenda kazini. Wengine wao walikuwa watumwa. Siku ya kupumzika hawakuwa nayo.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mwadventista. Ijumaa, jua likianza kuelekea magharibi, nasikia nyumba yake yote inakimbia: maji yanatekwa, nguo zinapigwa pasi, sufuria ya kesho inaivishwa. Jua likizama, kimya. Nimekaa naye miaka kumi na hatujagombana hata siku moja kuhusu siku. Paulo amesema katika Warumi 14 kwamba mmoja anaitofautisha siku na siku, mwingine anaziona zote sawa, na kila mtu athibitike akilini mwake. Mimi nashika Jumapili na sioni haya. Ila mama huyu amenifundisha jambo ambalo kanisani kwetu sikufundishwa: mapumziko hupikwa jana yake. Usipoyaandaa, hayaji.

Wala tusidhani kusimamisha kazi kulikuja hapa na meli. Wazee wetu Wamijikenda walikuwa na juma la siku nne, na siku ya Jumwa jembe halikushikwa shambani. Jina hilo tunawapa binti zetu mpaka leo. Na ninyi majirani zetu Waislamu, Ijumaa asubuhi naona vyombo vingi vimevutwa mchangani, wavuvi wanangoja swala. Mnisahihishe nikikosea: Sura ya Jumua inamwambia mwumini aache biashara anapoitwa, kisha swala ikiisha atawanyike akatafute fadhila za Mungu. Bahari inangoja, na samaki hawajawahi kuhama Malindi kwa sababu hiyo.

Basi la siku nimelimaliza. Anayetaka tubishane juu yake anikute nje baadaye, lakini nafikiri kubishana kuhusu siku kumetuficha jambo kubwa zaidi. Nalo nitawasimulia lilivyonipata.

Nilikuwa na msichana. Ni mtoto wa ukoo wetu, alitoka bara, upande wa Ganze, mwaka ambao mvua ilikosa. Alikuwa na miaka 17. Nilimchukua anisaidie, nami nikawaambia wazazi wake nitamtunza. Alipara samaki, alitumbua, alitia chumvi, aliwasha kuni, alikaanga. Alikuwa na mikono myepesi. Na kila Jumapili, mimi nilivaa sare yangu ya akina mama, nikafunga kitambaa, nikaenda kanisani. Saa nne za kuimba na kusali. Karai lilikuwa motoni muda wote huo. Nani alikuwa nyuma ya karai?

Mmenielewa. Nami nilijiita mtu anayeitakasa siku ya Bwana. Niliwasema wengine, wale wanaofungua vibanda vyao Jumapili. Niliwasema!

Jumapili moja nilipangiwa kusoma somo. Nikasimama mimbarini, nikasoma sura hiyohiyo ya tano, kwa sauti, bila kujikwaa, mpaka nikafika mwisho wa mstari wa kumi na nne. Neno linasema, mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vilevile kama wewe. Nilisema "kama" na "wewe" ikakataa kutoka. Nilisimama pale. Watu walidhani nimepoteza mstari, mzee mmoja akaninong'onezea neno kutoka benchi la mbele. Nikalisema. Nikarudi kuketi, na mahubiri ya siku hiyo sikuyasikia.

Nilipofika nyumbani alikuwa amechuchumaa mbele ya moto. Mikono yake, kuanzia hapa kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko, ilikuwa na madoa madogo meusi. Ni mafuta yanayoruka. Mimi mwenyewe ninayo, tazameni. Lakini yangu yalikuwa ya biashara yangu. Nilimtazama mikono kama mtu aliyeletewa mtoto asiyemjua. Nikaondoa karai. Nikamwaga maji motoni. Akaniuliza, "Mama, samaki wameharibika?" Nikamwambia hapana, leo basi. Akasema, "Basi nifue?" Nikamwambia usifue. "Nikateke maji?" Nikamwambia usiteke.

Hakujua afanye nini, jamani. Miaka miwili kwangu, na mtoto hakujua mtu hufanya nini akiambiwa hakuna kazi. Mwishowe aliketi kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akalala. Ilikuwa saa nane mchana. Alilala mpaka alfajiri ya Jumatatu. Nilimfunika kwa leso, nikakaa karibu naye nikimsikiliza anavyopumua, na usiku ule nilijua kwamba mimi nilikuwa nikipumzika juu ya mgongo wa mtu.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Mama, si kitu." Laiti angenilaumu. Sasa ameolewa, yuko Mombasa, na mimi bado nalikumbuka lile "si kitu."

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza siku gani, mimi nawauliza swali jingine. Nani amebaki nyuma ya karai? Wewe uko hapa kwenye kiti, umetulia. Nani anakupikia? Nani anakulindia geti? Nani anakuendeshea tuktuk ili jioni akuletee hesabu? Nani yuko shambani? Amri haikusema pumzika. Imesema pumzisha. Anayeambiwa ni yule mwenye watu chini yake, maana mjakazi hana mamlaka ya kujipumzisha.

Mchungaji mmoja aliyesoma Kiebrania alinionyesha jambo ambalo sijalisahau. Katika Kutoka 31 imeandikwa kwamba Mungu alipomaliza kuumba, siku ya saba alipumzika na kustarehe. Katika Kutoka 23 imeandikwa kwamba siku ya saba ipo ili mwana wa mjakazi wako na mgeni wapate kuburudika. Kwetu ni maneno mawili, kustarehe na kuburudika. Kwa Kiebrania ni neno moja, na limetumika mara tatu tu katika Agano la Kale lote. Limetoka katika pumzi. Ni kuvuta pumzi tena, kama mtu aliyetua mzigo. Kiswahili chetu kinalijua hilo. Kupumzika kumetoka wapi kama si kwenye pumzi? Sasa tazameni: neno alilolitumia Muumba juu yake mwenyewe amempa nani? Hakuanza na mfalme wala kuhani. Amempa mtoto wa mjakazi. Amempa mgeni.

Mtoto wa mjakazi anavuta pumzi ileile aliyoivuta Mungu.

Na mnajua adui wa pumzi hiyo katika Biblia ni nani? Ni Farao. Musa alipokwenda kumwomba awaachie watu, Farao alisema ninyi mnawapumzisha watu waache mizigo yao. Kwa Kiebrania mzizi wa neno lake ni uleule wa Sabato. Akawanyima majani ya kutengenezea matofali, na hesabu ya matofali akaiacha palepale. Wakilia, anawaambia wavivu ninyi. Vijana wa hotelini, mmeshaisikia sauti hiyo? Idadi ya wafanyakazi imepunguzwa, vyumba ni vilevile, na ukiomba ofu, siku yako ya kupumzika, unaambiwa mvivu wewe, wako wengi nje wanaitaka kazi yako.

Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka, sababu ni uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati sababu imebadilika: utakumbuka kuwa ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Ndugu zangu, sisi wa Malindi hatuna haja ya kwenda Misri kukumbuka. Mji huu uliinuka upya katika miaka ya 1860 chini ya sultani wa Unguja, na mashamba ya mtama na ufuta yaliyoutajirisha yalilimwa na watumwa. Waliotoroka waliitwa watoro. Baadhi yao walipanda bara hadi Fuladoyo, wakaishi huko pamoja na Wakristo waliotoka Rabai. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii mwaka 1907. Mwaka 1907! Bibi yangu alizaliwa kwa watu walioyaona hayo. Katika ukumbi huu wamo wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga, na tunaimba kitabu kimoja. Sisi, kuliko wengine, tunawezaje kusema punda afe?

Nirudi kwenye karai. Baada ya Jumapili ile niliamua siku hiyo hakuna kukaanga, si mimi, si msichana. Nami niliogopa. Sitawaficha, niliogopa sana, kwa maana biashara ya samaki ni biashara ya deni. Asubuhi unachukua kwa tajiri, jioni unarudisha. Kilichobaki ni chako, au ni hasara yako. Barafu sikuwa nayo. Tasi au changu akilala na wewe usiku mmoja kwenye joto la Malindi, kesho yake mtaa mzima unajua. Kila samaki anayebaki ni deni linalonuka. Ndiyo maana hatulali. Mtu akinihubiria nipumzike, moyo wangu ulimjibu: mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Ndipo niliposoma Kutoka 16 kwa macho ya muuza samaki. Wana wa Israeli wanapewa mana, pishi moja kwa kila mtu. Wengine wanaogopa kesho, wanaficha. Asubuhi ina mabuu, inanuka. Lo! Nikasema hawa nawajua. Lakini siku ya sita wanaambiwa wakusanye mara mbili, waiweke mpaka kesho, na safari hii hainuki. Chakula ni kilekile, jangwa ni lilelile. Na bado siku ya saba wako waliotoka na vyombo vyao kwenda kutafuta, wakakuta mchanga mtupu. Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Mungu alikuwa anawafundisha watu waliotoka kwa Farao neno ambalo Farao hakuwafundisha kamwe: yatosha. Iliwachukua miaka 40 kulijifunza.

Mnataka kujua kama nilifanikiwa? Wapo wahubiri wanaosema ukimpa Mungu Jumapili, Jumatatu utauza mara mbili. Mimi hilo sijaliona, na siwezi kusema nimeliona. Jumapili ndiyo siku watu wanashuka ufuoni na familia zao, ndiyo siku ya fedha. Mwaka wa kwanza nilipungukiwa. Wateja wengine walihamia kwa wenzangu na hawakurudi. Nililolifanya ni hili: Jumamosi nachukua kidogo kwa tajiri, namlipa Jumamosi hiyohiyo ili nisilale na deni, na kwa Jumapili tunaloweka papa wa ng'onda, tunampika mapema na nazi. Tulikula. Hilo ndilo ninaloweza kulishuhudia. Kila Jumapili tangu siku ile, tumekula.

Lakini sikilizeni, wapo ambao hata hilo hawawezi. Nisije nikawa kama yule anayemwambia mwenye njaa ashibe. Dereva wa tuktuk ana hesabu ya mwenye chombo kila siku, Jumapili ikiwemo. Akipumzika, hesabu haipumziki. Mzee mmoja wa kanisa letu, ana tuktuk mbili, alinisikia nikisimulia habari hii kwa akina mama. Akakaa wiki nzima hasemi. Kisha akawaita madereva wake, akawaambia, kuanzia sasa Jumapili hakuna hesabu, chombo kikae nyumbani, na siku sita hesabu ni shilingi mia nane ileile, sitaiongeza kufidia. Haya ndiyo ninayoyaita kuitakasa Sabato. Imemgharimu. Shilingi elfu moja na mia sita kila Jumapili. Mwenye hesabu ahesabu mwaka.

Na wenye wafanyakazi, kuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27. Inasema mfanyakazi apewe angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Inamhusu pia dada anayekulelea watoto. Je, si aibu kwetu ikiwa bunge linamkumbuka binti aliye jikoni mwangu, na mimi niliyesoma Amri Kumi simkumbuki? Na ukimpa siku, mpe kweli. Usimpe ofu kisha ukampigia simu saa tatu asubuhi umuulize chumvi iko wapi.

Tena ipatikane siku ya pamoja. Serikali ya Kisovieti ilijaribu mwaka 1929 kufuta juma la siku saba ili viwanda visisimame; kila mfanyakazi akapewa rangi, na kila rangi siku yake ya kupumzika. Mume ana rangi hii, mke ana ile. Nyumbani hawakutani. Mwaka 1940 wakarudi kwenye juma la siku saba. Vijana wangu wa zamu mnaijua hali hiyo: ofu yako Jumanne, ya mkeo Alhamisi, na siku zote mbili watoto wako shuleni. Umelala, ndiyo, lakini umelala peke yako.

Mwaka juzi nilikwenda Lamu kumzika shangazi yangu. Mnazijua njia za Lamu, gari halipiti, kila kitu kinapanda mgongo wa punda: mchanga, mawe, saruji, magodoro. Jioni niliketi pwani. Kijana mmoja akaja na punda wake, akafungua kamba, akashusha shogi la kubebea mzigo, na chini ya shogi palikuwa na kidonda. Kijana akachota maji, akaosha kile kidonda taratibu kwa kiganja. Kisha akamwachia. Yule punda akalala chini akagaagaa mchangani, miguu juu, kushoto kulia, kama mtoto. Kijana alikuwa amesimama anamtazama anacheka.

Nikamkumbuka Luka 13. Yesu yumo katika sinagogi siku ya Sabato, na mbele yake yuko mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18. Hawezi kujinyoosha. Anamwita, anamwekea mikono, ananyooka. Mkuu wa sinagogi anakasirika: siku za kazi ni sita, njoni siku hizo mponywe! Yesu anamjibu, kila mmoja wenu hamfungui ng'ombe wake au punda wake siku ya Sabato akamnyweshe? Na huyu, binti wa Ibrahimu, haikupasa afunguliwe kifungo chake siku ya Sabato?

Siku ileile! Hakumponya ijapokuwa ni Sabato. Alimponya kwa sababu ni Sabato. Ndiyo siku ya kufungua kamba, ya kushusha shogi, ya kuosha kidonda kilichofichwa na mzigo. Anaposema njoni kwangu ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha, ni yuleyule aliyemtaja punda pale mlimani. Mnaoniuliza kama sisi wa Agano Jipya bado tunadaiwa Sabato, Waebrania 4 inatujibu kwamba imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu. Imesalia. Kristo ameiweka, haijaisha. Nami sioni nitaipokeaje kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto umeshika kamba ya mtu.

Ndipo ninawaomba mambo mawili, wachungaji wetu. Ibada zetu zisiwe mzigo mwingine. Wapo akina mama wanaopika, wanaosafisha na wanaopanga viti kuanzia alfajiri ya Jumapili hadi magharibi, na tunaita siku hiyo ya mapumziko. Na la pili, vyama vyetu vya kuweka akiba viwe na fungu la anayepoteza kipato kwa kupumzika: dereva wa kukodi, mfua nguo, mbeba mizigo. Tunachanga kwa mazishi upesi sana. Tuchange na kabla mtu hajafa.

Nimalizie kwa wanawake wenzangu. Bwana alipokufa, wanawake waliomfuata kutoka Galilaya waliliona kaburi, wakarudi, wakaandaa manukato na marhamu. Kisha Luka anaandika kitu kidogo, mwisho wa sura ya 23, ambacho tunakipita mbio tukikimbilia Pasaka. Anasema siku ya Sabato walistarehe, kama ilivyoamriwa.

Mimi ni mtu wa vitu vinavyoharibika. Nawaelewa wale mama. Wana maiti ya mpendwa wao kaburini, haijapakwa manukato kama inavyostahili, na kila saa inayopita ni hasara. Manukato yako tayari, mikono iko tayari. Jua limezama, na wao wakakaa. Waliiacha kazi kubwa kuliko zote katikati, wakangoja siku nzima, na Yeye mwenyewe akiwa amelala mle kaburini Sabato hiyohiyo.

Siku ya kwanza ya juma, alfajiri, wakayabeba manukato yao wakaenda. Mnajua walichokikuta. Luka hasemi manukato yale waliyapeleka wapi.

Kesho ni Jumapili. Karai langu litakuwa limepinduliwa ukutani, mlango uko wazi, chai ipo ya jana kwenye chupa. Anayepita abishe hodi. Asanteni sana.